Ndege Itafika kwa Saa ya Nani?

Juzi Gracia, binti wa dada yangu, alikaa hapa barazani kwangu, mtaa wa Saio, na wenzake watatu wa chuo, vichwa vinne juu ya simu moja. Kaka yake alikuwa anasafiri kutoka Brussels kwenda London, nao walitaka kujua atakaa angani muda gani. Mtandao ukawa unazunguka tu. Mimi nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, wala sikuinua kichwa. Nikawaambia: "Saa moja na dakika kumi. Akiondoka saa nne, akifika ataona saa ya ukutani inasema saa nne na dakika kumi."

Simu ilipofunguka ikasema hivyohivyo. Wakanitazama kama vile nimetoa kuku mfukoni.

"Tantine, kumbe ulifikaka London?"

Sijafika London. Mbali kabisa nilikofika mimi ni Beni, tena kwa lori, juu ya magunia ya maharage. Lakini safari ya Brussels na London nimeifanya mara mia mbili kwa penseli. Niliwaahidi nitaeleza, na kwa kuwa vijana wa siku hizi mnasoma kuliko mnavyosikiliza, nimeamua kuandika.

Nilifanya kazi miaka ishirini na mitatu kwenye phonie, ile redio ya kuita watu wa mbali, katika kampuni ndogo ya ndege hapa uwanja wa Bunia. Kampuni ilikuwa na ndege moja ya injini moja, banda la mabati, mizani ya kupimia watu na mizigo, na Muzee Anselme. Huyo Muzee ndiye aliyekuwa kampuni yenyewe, ingawa karatasi zilisema ni mkuu wa kituo tu. Alijua kila kiwanja cha mkoa wetu wa Ituri, urefu wake, jiwe lake baya, na mbuzi wa nani hulala katikati ya njia.

Siku yangu ya kwanza nilidhani atanifundisha Bunia na Entebbe, maana ndiyo njia yetu ya kila wiki. Akanipa kitabu cha zamani cha Wabelgiji, hakina jalada, panya wamekula pembe zake. Mazoezi yote yalikuwa ya Ulaya. Ndege inatoka Brussels kwenda Lisbon, ndege inatoka Brussels kwenda Geneva. Umbali gani, muda gani, inafika saa ngapi? Nilikaa na kitabu kile mwezi mzima. Mwishowe nikachoka.

"Chef, siye tuko Bunia. Mambo ya Ulaya inanisaidia nini?"

Alikuwa anasafisha miwani kwa shati. Akasema: "Kule hakuna mutu unayemujua ndani ya ndeke. Kosea kule kwanza."

Basi nikakosea kule. Niliangusha ndege nyingi sana baharini, watoto wangu. Niliwahi kufikisha moja Lisbon kabla haijatoka Brussels. Muzee hakunikaripia hata siku moja. Alikuwa anapiga msalaba, anasema, "Tuombee marehemu," halafu ananirudishia penseli.

Njia yake ilikuwa hii, na bado ni nzuri hata mkiwa na simu. Weka uzi juu ya ramani, mji hadi mji, halafu upime uzi kwenye kipimo cha chini. Ukishapata kilomita, usihangaike na saa nzima. Tafuta ndege yako inakula kilomita ngapi kwa dakika moja. Yetu ilikuwa inakula nne. Gawa kwa nne. Ongeza dakika tano za kupanda na tano za kushuka, maana ndege haianzi safari ikiwa juu tayari. Entebbe hadi Bunia ni kilomita mia tatu hivi: sabini na tano, jumlisha kumi, saa moja na dakika ishirini na tano. Brussels na London ni mia tatu na hamsini, na ndege ya kitabuni ilikuwa na mwendo zaidi kuliko yetu. Zote mbili zinavuka maji, ile mlango wa bahari, hii ziwa letu. Na zote mbili zina ujanja wa saa: ukienda magharibi unarudishiwa saa moja. Ukitoka Entebbe, Bunia inakurudishia kama London inavyomrudishia mtu wa Brussels. Muzee aliupenda sana ujanja huo. Alikuwa anasema Mungu aliweka zoezi moja mahali pawili ili wavivu wasipate kisingizio.

Usidhani nilikuwa hodari haraka. Mwaka wangu wa pili nilipima safari ya Isiro nikamwambia rubani kilomita mia mbili na themanini. Akaruka, akakaa angani, akatafuta Isiro, Isiro haipo. Alifika akiwa amekasirika, mafuta yakiwa yamebaki ya kuhesabu. Kumbe ramani yetu ilikuwa imepasuka kwenye kunjo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiunganisha kwa uji wa muhogo, upande mmoja juu ya mwingine. Muzee aliinua ramani kwenye mwanga wa dirisha, akaona.

"Vero, umekula kilomita makumi ine na tano, na mito mbili, na kijiji ya mama-mukwe wangu."

"Pole, chef."

"Kwa kijiji, aksanti."

Kuna na mizani. Kila abiria lazima apande, awe askofu, awe mfanyabiashara wa dhahabu kutoka machimboni. Mama mmoja mwembamba alipanda mizani ikasema kilo tisini na moja. Muzee akamwomba kwa heshima zote aende nyuma ya banda na mimi. Alikuwa amevaa vitenge kumi na vinne, kimoja juu ya kingine, vya kuuza. Hakuna aliyeruka bila kupimwa mbele ya Muzee Anselme, na watu walimchukia kwa hilo, kisha wakafika salama, wakasahau kumshukuru.

Sasa nifike kwenye vita, maana najua ndicho mnachongojea.

Sitaeleza nani alimpiga nani. Nyinyi mlizaliwa humohumo, wengine mgongoni mwa mama wakikimbia kutoka Djugu. Nataka niseme jambo moja tu ambalo vitabu havitawaambia: wakati ule Bunia ilikuwa na saa mbili. Walioshika uwanja walifuata saa ya ng'ambo ya ziwa. Kanisa na soko vilifuata saa yetu ya siku zote, iliyo nyuma kwa saa moja. Mtu akikualika arusi ilibidi uulize, saa yetu ao saa ya uwanja? Padre alianza misa, wengine wakaja kwenye baraka ya mwisho. Tulicheka sana, hata katika vita. Mtu akikosa chakula, kicheko hakikosi.

Asubuhi moja mke wa Muzee alituma mtu kuniita. Niliwakuta hapa hapa Saio, nyumba ya tatu kutoka hii. Muzee alikuwa na henia ya miaka mingi, aliificha kama deni la aibu. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilitoka ikakataa kurudi. Alilala upande, magoti kifuani, jasho limelowesha godoro. Muuguzi wa mtaa alinivuta nje.

"Utumbo umejifunga. Asipopasuliwa leo, mbele ya jua kuzama, anakufa."

Mpasuaji wa mji alikuwa amekimbia wiki iliyotangulia. Aliyekuwa karibu alikuwa Beni, na barabara ya Beni haikuwa ya kupitika. Ilibaki ndege, na ndege yetu ilikuwa Entebbe na Kapiteni Kioko, Mkenya wetu, ilikopelekwa kwa usalama.

Nilikimbia uwanjani. Uwanja ulikuwa umefungwa siku tatu. Komanda wake alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipiga magoti, siwafichi. Akanitazama, akatazama daftari lake.

"Saa nane mpaka saa tisa. Ikifika nje ya hapo isitue. Vijana wangu watapiga."

Nilishukuru hadi nikakosa sauti. Nikaingia bandani, nikashika penseli. Itue saa nane na nusu, katikati kabisa, pande zote nafasi. Ondoa saa moja na dakika ishirini na tano. Ongeza saa moja ya ng'ambo ya ziwa. Nikamwita Kioko: toka Entebbe saa nane na dakika tano, saa ya kwako. Akajibu sawa. Ilikuwa hesabu safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilirudi Saio mbio nikiwa na furaha, ndiyo, furaha, nikamwinamia Muzee sikioni nikamweleza yote, dakika kwa dakika, kama mwanafunzi anayesomea mwalimu.

Alisikiliza macho yamefungwa. Nilipomaliza akafungua jicho moja.

"Saa nane ya nani?"

Komanda alikuwa amevaa saa ya uwanja. Saa nane yake ilikuwa saa saba yetu, na saa tisa yake ilikuwa saa nane yetu. Ndege niliyoipanga kwa ustadi ule wote ingefika nusu saa baada ya mlango kufungwa, ikapigwe risasi pamoja na Kioko, na Muzee abaki kwenye godoro lile. Niligeuza saa ya rubani, nikasahau kumuuliza mwenye uwanja saa yake.

Nilianza kulia. Muzee alinishika kifundo cha mkono, na alikuwa na nguvu, sijui alizitoa wapi.

"Hapana lia. Weye fanya tena. Ndeke haijatoka."

Nikafanya tena, kwa sauti, pale pale. Itue saa saba na nusu yetu. Basi Kioko atoke Entebbe saa sita na dakika tano yetu, saa saba na dakika tano ya kwake. Muzee akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ilikuwa saa tano na robo. Niliwaambia majirani wamlete uwanjani na tipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, nikakimbia peke yangu kurudi kwenye phonie. Milio ya bunduki ilisikika nje ya mji, upande wa Shari. Sikumbuki kuogopa milio. Niliogopa saa.

Nilifika saa tano na dakika arobaini. "Entebbe, Entebbe, hapa Bunia." Kimya. Nikarudia. Kimya, na mlio kama wa mvua juu ya bati. Jua la mchana huharibu masafa ya asubuhi. Ikikaribia saa sita lazima upande masafa ya juu, Muzee alinifundisha hivyo. Nikapanda. Nikaita. Entebbe hawakuwa wamepanda bado. Dakika zikaenda: hamsini, hamsini na tano. Nilikuwa naita huku nagonga meza kwa kiganja.

Ndipo sauti nyingine ikaingia, ya mwanaume, taratibu kabisa.

"Bunia, hapa Epulu. Mbona unapiga kelele? Nakupata muzuri."

Huyo alikuwa mtu wa phonie wa Epulu, kule msituni kwenye okapi. Kila asubuhi tulisalimiana naye kwenye mawimbi, sikuwahi kumwona uso. Nikamweleza kwa maneno kumi. Hakuuliza la pili. "Ngoja," akasema, akashuka masafa ya chini kuwatafuta Entebbe, maana wimbi linaloniruka mimi huenda likatua kwake. Nikamngoja katika ukimya ule, mikono kichwani. Saa sita kamili. Saa sita na dakika nne. Saa sita na dakika saba akarudi.

"Bunia, nimemupata. Ilikuwa anakula. Ameacha sahani."

Na nyuma yake, mbali, sauti ya Kioko imekwisha kupanda masafa: "Vero, mbona hukusema mapema? Nawasha injini. Mwambie Mzee asiende popote."

Aliruka saa sita na dakika kumi na mbili. Nikagawa kwa nne kwa mara nyingine: saa saba na dakika thelathini na saba. Tipoyi ilifika kabla yake, imebebwa na wanaume wanne wa kwaya, wamelowa kama waliovuka mto. Saa saba na dakika thelathini na nane tulisikia injini. Vijana, nimesikia kwaya nyingi nzuri katika maisha yangu, lakini hakuna iliyonitoa machozi kama injini ile.

Komanda alisogea, akanyanyua mkono wenye saa. "Dakika ishirini."

Kioko alishuka bila kuzima. Tukaanza kumsogeza Muzee kwenye mlango. Akauzuia kwa mkono.

"Munipime kwanza."

"Muzee, hakuna wakati!" nikapiga kelele.

"Hakuna mutu anapanda bila kupimwa."

Mnajua tulifanya nini? Tulimpima. Mtu anakufa, utumbo umejifunga, bunduki zimetuzunguka, na wanaume wanne wa kwaya wanamsimamisha juu ya mizani kama mtoto wa kliniki. Kilo sitini na mbili. Alingoja hadi nilipoandika. Kioko aligeuka pembeni akifuta uso, akisema ni vumbi. Nimewahi kujiuliza mara nyingi komanda alifikiri nini. Mimi nilifikiri: huyu ni mtu mkubwa kuliko wote nitakaowajua, na sijawahi kumwambia.

Walipomlaza sakafuni mwa ndege aligonga ukuta wake kwa vidole, akasikiliza. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Muzee Anselme, aliyezijua njia zote za angani, hajapanda ndege hata mara moja. Kila safari kiti kilikuwa cha mteja, na yeye hakuomba kamwe.

"Kumbe iko nyembamba hivi," akasema.

Waliondoka saa saba na dakika hamsini. Bunia hadi Beni ni kilomita mia moja na arobaini hivi. Thelathini na tano, jumlisha kumi: arobaini na tano. Watatua saa nane na dakika thelathini na tano. Niliiandika, nikamtajia Kioko kwenye phonie, nikakaa hapohapo. Ilipofika thelathini na tano hakuna aliyeita. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Mke wa Muzee alikaa sakafuni amenishika sketi. Thelathini na nane. Sijui kama niliwahi kusali kweli kabla ya dakika zile. Saa nane na dakika thelathini na tisa Kioko akasema, "Beni chini. Yuko hai, wanamchukua," na mama yule akaanguka juu ya magoti yangu.

Hai hadi meza ya kupasulia, lakini ya baada ya kisu hayakujulikana. Siku ya kwanza Beni hawakuwa na habari. Siku ya pili wakasema amepasuliwa, ana homa, tungoje. Nilijilaumu hadi chakula kikawa mchanga mdomoni. Kama ningeuliza swali moja la maneno matatu asubuhi ile, ndege ingeitwa mapema zaidi, na utumbo wake usingengoja. Nawaandikia hili wazi kwa sababu nyinyi mna mashine zinazohesabu bila kukosea. Mashine haitamuuliza mtu amevaa saa gani. Ulizeni nyinyi.

Siku ya tatu, asubuhi, vituo vyote vilikuwa kwenye mawimbi kama kawaida, Entebbe, Epulu, Beni, kila mmoja akitoa hali ya hewa yake. Ilipofika zamu ya Beni, sauti iliyoingia haikuwa ya yule dada wa siku zote. Ilikuwa ya mzee, nyembamba, yenye kupumzika kila baada ya maneno mawili.

"Bunia, Bunia, hapa Anselme. Niko muzima. Shika penseli."

Nikashika penseli.

"Bunia, Beni. Ulisema quarante-cinq. Niliangalia saa yangu, tangu magurudumu kuacha udongo mpaka kugusa. Quarante-neuf. Kulikuwa upepo ya mbele, weye haukuuliza upepo. Andika."

Niliandika arobaini na tisa. Karatasi ililowa, nikaandika tena pembeni.

"Bunia, umepata?"

Nilibonyeza kitufe nijibu kama kazi inavyotaka, nimepokea, neno moja tu, nililolisema mara elfu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Nikaachia kitufe. Nikabonyeza tena, ikawa vilevile. Hakuna kituo kilichoingilia. Muzee akarudia kwa ile sauti yake ya kuchoka, "Bunia, umepata?"

Ndipo yule mtu wa msituni, nisiyewahi kuona uso wake, akajibu kwa niaba yangu.

"Beni, hapa Epulu. Bunia amekupata muzuri sana. Iko analia tu."